Nahodha Mpya: Tumdai Nini Msimu Huu?

Junda mpira huanza kuchezwa midomoni kabla haujafika miguuni. Wiki chache kabla ya ligi kufunguliwa, kila kibaraza cha Mishomoroni na kila kituo cha bodaboda kina kikosi chake, na kila mwenye kikosi ana hakika kwamba kocha amekosea. Msimu huu gumzo halipo kwenye usajili. Lipo kwenye kitambaa cha mkononi: kijana wa miaka 20, mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayevuka daraja la Nyali kila asubuhi, ndiye nahodha mpya. Wapo wanaosema kombe limeshapatikana, na wapo wanaosema timu imeshazama.

Hoja ninazozisikia katika wadi hii ya Kisauni, Mombasa, kando ya hori la Tudor, nimezikusanya katika sauti nne. Sizipi majina, kwa sababu kila moja ni ya watu wengi. MZEE alikuwa winga enzi zake. KOCHA ndiye aliyefanya uteuzi. MAMA ana mtoto kikosini. KIJANA ndiye mwenye kitambaa. Swali lililo mbele yao ni moja: nahodha mpya tumdai nini msimu huu?

MZEE: Bismillahi, naanza mimi kwa haki ya mvi. Mombasa hii haikuanza kujua mpira jana. Feisal ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, kombe likashuka Pwani. Mahmoud Abbas, kipa wetu, walimwita Kenya One, na timu ya taifa, Harambee Stars, ikabeba kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Watu wale heshima waliipata kwa miaka. Leo naambiwa kijana ambaye hajamaliza hata misimu miwili kikosi cha kwanza kafungwa kitambaa, na mabeki wa miaka 28 wanamtazama. Mwanangu, sina chuki nawe. Nakuuliza tu: ukimwambia kaka yako arudi nyuma akakabe, atarudi?

KIJANA: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba.

KIJANA: Wengine watarudi. Wengine watanitukana kwanza, halafu warudi. Na yupo mmoja ambaye harudi hata kocha akimwita.

KOCHA: Huyo tutamfikia. Mzee wangu, heshima yako iko pale pale, lakini wacha niseme nilichokiona. Tulicheza mechi ya kirafiki, tukafungwa goli la kizembe dakika ya kumi. Wakubwa wote wakaanza kunyoosheana vidole: wewe hukukaba, wewe ulilala. Huyu aliingia golini, akautoa mpira wavuni, akampiga kipa kofi la mgongoni, akamwambia neno, kisha akakimbia na mpira hadi katikati. Sikusikia alichosema. Nilichoona ni kwamba kipa alinyanyua kichwa. Uamuzi wangu niliufanya pale.

MZEE: Kuokota mpira wavuni ndiko kunamfanya mtu nahodha?

KOCHA: Siku hizi kunahesabika kuliko zamani. Sheria ya 3 ya mpira inasema nahodha hana hadhi ya pekee wala upendeleo, ila anabeba kiasi fulani cha dhamana ya nidhamu ya timu yake. Kwenye Euro ya 2024 wakaongeza jambo: refa akitoa uamuzi mkubwa, ni nahodha peke yake anayeruhusiwa kumwendea na kuuliza. Mwingine akimkimbilia, kadi ya njano. Utaratibu huo sasa umeingia katika miongozo ya sheria na unaenea. Basi niambie, nimpe kitambaa mwenye umri mkubwa na mdomo mkali, au nimpe anayeweza kusimama mbele ya refa akazungumza bila kutema mate?

MAMA: Kocha, hapo nakuunga mkono. Tulishapoteza mechi kwa midomo kuliko kwa miguu.

MZEE: Sawa, midomo tunaijua. Lakini mna haraka ya kuwapandisha watoto bila kutazama mnawashusha nani. Januari 2016, kwa jirani zetu Tanzania, nahodha wa Taifa Stars alikuwa Nadir Haroub, beki wa Yanga, Mzanzibari yule waliyemwita Cannavaro. Mbwana Samatta akatoka Abuja na tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kocha Charles Boniface Mkwasa akampa kitambaa. Samatta alikuwa na miaka 23. Cannavaro hakuridhika na namna jambo lilivyofanywa, akatangaza kuachana na timu ya taifa. Mmepata nyota, mmepoteza nguzo. Hesabu gani hiyo?

KOCHA: Mzee, malizia na hadithi. Tanzania ilikuwa haijacheza fainali za Mataifa ya Afrika tangu 1980. Mwaka 2019 ikafuzu, na aliyeiongoza kwenye fainali kule Misri ni Samatta. Uteuzi ule ulizaa.

MAMA: Ulizaa, sikatai. Lakini huyo Cannavaro hakulalamika kwamba Samatta hajui mpira. Jambo lilikuwa namna. Sasa kocha, nikuulize la hapa hapa Junda. Nahodha wetu wa zamani ulimwambia kabla?

KOCHA: Alijua siku nilipoisoma orodha.

MAMA: Yaani alisikia pamoja na wenzake, kama mgeni.

KOCHA: Ndiyo.

MZEE: Mnaona sasa? Mimi sipingi damu changa. Napinga mtu kuvuliwa hadharani kitu alichovaa miaka.

KIJANA: Mimi nilimfuata kwao usiku ule ule. Akanikaribisha chai na mahamri, tukazungumza habari za masomo, za bei ya tuktuk, za kila kitu isipokuwa hilo. Nilipoinuka kuondoka ndipo akaniambia: begi la jezi liko kwa fundi cherehani, jezi namba 6 imechanika kwapa, na usisahau kwamba refa hulipwa kabla ya mechi, siyo baada. Akanipa daftari lenye majina ya walio na kadi za usajili na wasio nazo. Hapo nikaelewa kazi niliyopewa ni ipi.

MAMA: Hebu itaje hiyo kazi, watu waisikie.

KIJANA: Jumamosi iliyopita tulikuwa na mechi ya maandalizi ya ligi, nikaamka kabla ya alfajiri. Nilihesabu jezi, zikapungua mbili. Soksi kuukuu niliyoikata kufanya kitambaa ilikuwa imelegea, nikaishona. Nikapita nyumba kwa nyumba kuchanga pesa ya refa. Kipa hakuwa na nauli, nikamlipia. Tulipofika uwanjani tukaambiwa wawili kadi zao hazijakamilika, nikabishana na msimamizi mpaka sauti ikakauka. Nikaingia kurusha sarafu na nahodha wa wenzetu. Nikashinda, nikachagua goli la kuipa jua mgongo. Kisha nikaanza kucheza, na kipindi cha kwanza sikugusa mpira wa maana.

MAMA: Halafu mtu amesimama pembeni anapiga kelele: nahodha gani huyu, hana pumzi! Mzee, kocha, nawauliza. Timu hii haina katibu? Haina mweka hazina? Haina meneja? Kadi ni kazi ya katibu. Pesa ya refa ni kazi ya mweka hazina. Jezi ni za meneja. Watu wazima mmekaa kwenye kamati na vyeo vyenu, kazi zote zimemwangukia mtoto wa chuo ambaye mwezi ujao ana mitihani.

MZEE: Zamani nasi tulifua jezi wenyewe.

MAMA: Mlifua wote, ami. Hakufua mmoja.

KOCHA: Mama amesema kweli. Lakini tusiifanye mada ya mabegi. Watu wanataka kujua tutapanda daraja au hatupandi. Mimi nimewaahidi kupanda.

MZEE: Hapo sasa! Tangu lini timu ya Junda ikakaa miaka yote ligi ya chini kana kwamba hatuna miguu? Bandari wako pale Mbaraki, nao ni watu wa Mombasa. Januari 2019 walikwenda Dar es Salaam wakaifunga Simba nusu fainali ya mashindano ya klabu, wakapoteza fainali kwa Kariobangi Sharks goli 1 kwa bila. Juni wakakutana na Sharks hao hao fainali ya kombe la ngao, wakawalaza 3 kwa 1. Ligi wakamaliza wa pili nyuma ya Gor Mahia. Msimu ndio huo. Namtaka nahodha wa kutuletea msimu kama huo.

KIJANA: Mzee, msimu ule naukumbuka, nilikuwa shule. Nahodha alikuwa Felly Mulumba, beki. Kocha alikuwa Bernard Mwalala. Nyuma yao kuna Mamlaka ya Bandari inayolipa mishahara. Ukimtoa mmoja katika hao, je, kombe lingekuja? Mulumba alifanya sehemu yake. Hakuna aliyemwambia alete na mshahara.

KOCHA: Kijana ana ulimi, mnaona?

KIJANA: Samahani, kocha. Chuoni tuna wenzetu wanaofuatilia mpira wa Marekani, ule wa mikono. Huko kuna mchezaji anaitwa kwotabeki. Karibu kila shambulio linaanzia mkononi mwake. Yeye ndiye anayewapangia wenzake, yeye ndiye anayetupa mpira au kuukabidhi. Vijana wa chuo, umri wangu, wanacheza mbele ya watu zaidi ya 100,000 kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan. Kwotabeki mpya akitajwa, mji mzima humhesabia ushindi kabla msimu haujaanza. Wana sababu, maana mchezo wenyewe umemkabidhi mpira. Mpira wetu hauko hivyo. Mimi ni kiungo wa chini. Naweza kukaa dakika tano sijagusa mpira. Mnanidai kama kwotabeki, na mchezo haunipi mpira wa kwotabeki.

MAMA: Na hao wanalipwa?

KIJANA: Tangu mwaka 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Nyota wao wanapata pesa nyingi.

MAMA: Wewe umelipwa nini?

KIJANA: Mimi nimemlipia kipa nauli.

MZEE: Haya, umetuchekesha, lakini hujaponyoka. Nahodha lazima aonekane. Siku timu imekwama, lazima afanye jambo.

KIJANA: Sikatai. Lakini jambo lipi? Turudi Misri, Juni 2019. Kenya na Tanzania walikutana Cairo. Upande ule nahodha Samatta, upande wetu Victor Wanyama. Tanzania walitangulia mara mbili, na goli la pili alifunga Samatta mwenyewe. Mapumziko tulikuwa nyuma 2 kwa 1. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha, Michael Olunga akaongeza, tukashinda 3 kwa 2. Nahodha aliyefunga alipoteza mechi, na nahodha ambaye hakufunga alishinda. Kama kipimo ni goli, siku ile Wanyama hakufanya kitu. Nani wa kusema hivyo?

KOCHA: Na mimi niongeze la Wanyama, maana linanigusa. Alipewa unahodha wa Harambee Stars mwaka 2013, chini ya Adel Amrouche, akiwa kijana wa miaka 20 na kidogo. Wakubwa wake walikuwa bado wanacheza. Stars ikakosa fainali za 2015, ikakosa za 2017. Ilifika 2019. Miaka 6. Kama Kenya ingempima kwa msimu wa kwanza, ingemvua kitambaa akiwa hajajifunza hata kuzungumza na waandishi.

MAMA: Basi kocha, wewe mwenyewe umejijibu. Kwa nini umeahidi watu kupanda daraja msimu huu, tena ukamtanguliza mtoto mbele ya ahadi yako?

KOCHA: Mashabiki wanataka kusikia neno.

MAMA: Wakitaka neno, wape lako. Mkishinda ni timu, mkifungwa ni mtoto huyu.

MZEE: Haya. Wacha mimi nimsikilize mwenyewe. Kijana, tumesema sana. Wewe unataka nini kwetu?

KIJANA: Mambo mawili tu. La kwanza, niambiwe kazi yangu na mwisho wake. La pili ni gumu. Kuna mshambuliaji wetu, anajijua. Anakosa mazoezi Jumanne, anakosa Alhamisi, Jumamosi anaanza. Nikimwambia mwingine awahi, ananijibu: kamwambie yule kwanza. Ana haki. Neno langu kwenye mazoezi halina uzito, kwa sababu siku ya mechi kocha analifuta.

KOCHA: Anafunga magoli.

KIJANA: Najua, kocha.

KOCHA: Msimu uliopita bila yeye tungeshuka.

KIJANA: Hilo pia najua.

MZEE: Kocha, hapa huna pa kushika. Ukimpa mtu kitambaa ukamnyima neno, umempa kitambaa cha jasho. Mshambuliaji huyo akose mechi moja tu, wengine wataona.

KOCHA: Na tukifungwa mechi hiyo, mzee, utakuja uwanjani kunitetea?

MZEE: Nitakuja.

KOCHA: Basi nimekusikia. Siahidi leo.

MAMA: Kabla hatujamaliza, nami nina dai langu kwa nahodha. Nimekuwa nikimtetea, lakini sitaki aondoke akidhani hadaiwi kitu. Sisi wazazi wa Kisauni tunajua tunalala na hofu gani. Eneo hili limetajwa magazetini kwa magenge ya vijana wenye mapanga, na waliochukuliwa na magenge hayo walikuwa watoto wa watu, wengine walikuwa wakicheza mpira. Mchezaji akikosa mazoezi jioni, kocha anauliza nani atacheza namba yake. Mimi nauliza yuko na nani saa hii. Kwa hivyo dai langu ni hili: mwenzenu asipoonekana mara mbili mfululizo, nahodha apite kwao. Asimpigie simu tu, apite, akae naye. Akimkuta yuko salama, ahsante. Akimkuta hayupo, atuambie sisi wakubwa mapema.

KIJANA: Hata yule mshambuliaji?

MAMA: Yeye wa kwanza.

KIJANA: Nitapita.

Huo ndio mjadala, na mimi niliyeukusanya sina budi kutoa hukumu yangu.

Mzee ana haki katika jambo la heshima, ila hoja yake ya umri haisimami. Wanyama na Samatta walipewa kitambaa wakiwa vijana na wakafika nacho mbali. Kilichowaumiza watu Dar es Salaam mwaka 2016 ni namna, na namna haihitaji pesa wala ufadhili. Inahitaji kocha ampitie nahodha wa zamani siku moja kabla, wakae, aambiwe. Timu ya mtaa ikishindwa na hilo isijidai kwamba imekosa udhamini.

Kocha ana haki ya kuchagua, na ameona kitu ambacho wa pembeni hatukukiona: kijana aliyemnyanyua kipa kichwa. Lakini ahadi ya kupanda daraja ni yake na ya kamati. Usajili ni wao, mazoezi ni yao, pesa ni zao, na uamuzi wa nani aanze ni wa kocha peke yake. Nahodha hana mkono katika hata moja ya hayo. Kumtanguliza mbele ya ahadi ambayo hana nguvu ya kuitimiza ni kumtafutia wa kulaumiwa kabla msimu haujaanza. Na mshambuliaji yule akianza tena Jumamosi bila kufanya mazoezi, tusimuulize nahodha kwa nini nidhamu imeshuka.

Dai la kudumu nimelisikia kwa Mama. Ndilo zito kuliko yote mezani, na ndilo pekee ambalo kijana wa miaka 20 anaweza kulitimiza vizuri kuliko mtu yeyote mzima hapa Junda. Kocha hajui wachezaji wanakaa maskani gani usiku. Wazazi hudanganywa. Nahodha anajua, kwa sababu ni rika lao. Kuwaweka wenzake pamoja, kuzungumza na refa kwa adabu, kuwa wa kwanza kufika mazoezini na kumfuata aliyepotea: hayo tumdai, tena tumdai kwa ukali.

Kwa hivyo nawaomba viongozi wa timu za Junda, na wa Kisauni yote, wafanye jambo dogo kabla ya mechi ya kwanza. Waandike kwenye karatasi moja kazi za nahodha, na kwenye karatasi nyingine kazi za katibu, mweka hazina na meneja. Wazibandike zote mbili mahali wachezaji wanapobadilishia nguo. Msimu ukiisha, tumpime kila mtu kwa karatasi yake. Nahodha akiwa amefanya yaliyo kwenye yake na timu haikupanda, apewe kitambaa tena msimu ujao, na swali liulizwe kwa kamati.